Mtoto wa Mbwa Akilia Usiku, Je, Ni Mgonjwa?

Pengine jambo hili limekwisha kukupata. Ulikwenda Kiogoro kuwasalimu watu wa nyumbani, ukakuta mbwa wa jamaa yako amezaa. Ukachagua mtoto mmoja, dume mwenye kifua kipana, ukamtia katika kikapu, ukapanda gari mpaka Keroka, kisha ukaendelea mpaka shambani kwako Borabu. Njiani alitapika. Ulipofika, watoto walishangilia, wakamshikashika mpaka giza likaingia. Halafu ukamfungia katika kibanda cha ndama, nawe ukaenda kulala.

Lakini hukulala. Mtoto wa mbwa alilia tangu saa tatu usiku mpaka jogoo wa kwanza. Mama watoto alisema, "Baba, huyu ni mgonjwa." Jirani akasema, "Mchape, atanyamaza." Siku ya tatu alinyamaza kweli, na nyumba nzima ikafurahi. Siku ya tano alikuwa amekufa.

Katika nyumba nyingi mambo huwa kama hayo, na sababu yake ni moja. Watu huogopa kilio, ambacho kwa kawaida si ugonjwa, na hufurahia kimya, ambacho huenda ndicho ugonjwa wenyewe. Makala haya yataka kukusaidia kutenganisha mambo hayo mawili: wasiwasi wa moyo na maradhi ya mwili. Kila moja lina dawa yake, na dawa ya moja haitibu jingine.

KWA NINI ANALIA

Wazee waliotoka vijiji vya Kisii wakati skimu za makazi zilipoanzishwa katika miaka ya 1960 watakuambia jinsi usiku wa kwanza katika shamba jipya ulivyokuwa. Nyumba haijakauka udongo, jirani humjui, na kila sauti ya usiku yakushtua. Mtu mzima hupata taabu hiyo, naye ajua kwa nini amehama. Mtoto wa mbwa hajui. Jana alilala katikati ya ndugu zake, joto la mama likimfunika. Leo yuko peke yake juu ya sakafu baridi, na harufu zote ni ngeni. Basi analia ili mama amsikie aje. Hiyo ndiyo lugha aliyo nayo.

Kwa hiyo ukimchapa kwa sababu analia, humfundishi kunyamaza. Wamfundisha ya kuwa mkono wa mtu huleta maumivu. Mbwa wa namna hiyo akikua huwa mmoja kati ya wawili: ama mwoga akimbiaye mwizi, ama mkali aumaye mtoto wa nyumbani. Wote wawili hawakufai.

Jambo la kwanza basi ni kutomchukua mapema mno. Wengi huchukua mtoto wa mbwa wa wiki nne au tano kwa kuwa amekwisha kufungua macho na kutembea. Yafaa akae na mama yake mpaka atimize wiki nane. Katika wiki hizo ndugu zake humfundisha ya kuwa akiuma sana mchezo huisha, na mama yake humfundisha adabu. Anayetolewa mapema hulia zaidi, na huumauma zaidi.

USIKU WA KWANZA

Ukienda kumchukua, nenda na kipande cha gunia safi au nguo kuukuu. Kipanguse juu ya mama yake na mahali walipolala watoto, kisha mlaze mtoto juu yake. Harufu ile itamtuliza kuliko maneno yako yote. Usimpe chakula kingi kabla ya kupanda gari. Akitapika safarini mara moja au mbili, halafu akifika akanywa maji na kucheza, usiogope. Ni gari tu.

Usiku, mtie katika sanduku au karatoni yenye nguo hiyo, mahali pakavu pasipo upepo. Nyanda zetu hizi za juu zina baridi ya usiku, na mwili mdogo haushiki joto. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa katika kitambaa itakuwa badala ya mama, lakini hakikisha haimchomi.

Liweke sanduku hilo mahali awezapo kusikia pumzi za watu. Najua utasema, "Kwetu mbwa halali nyumbani." Ni sawa. Basi na alale katika jiko la nje, mbali na meko, na mmoja wa vijana alale humo pamoja naye kwa muda wa siku saba au kumi. Kabla ya kulala mtoe nje akojoe, na usiku wa manane mtoe tena mara moja. Akilia, sema naye kwa sauti ya chini, umguse kidogo, halafu umwache. Baada ya siku hizo sogeza sanduku kidogo kidogo kuelekea mahali utakapo alale siku zote. Wengi hutulia kabla ya wiki mbili kwisha.

Mchana mfundishe kukaa peke yake. Anza kwa dakika mbili, kisha tano, kisha kumi, ukirudi kabla hajaanza kulia. Usimfunge kwa kamba kutwa nzima tangu siku ya kwanza. Ukimvika ukanda shingoni, vidole vyako viwili viweze kupita chini yake, nao ulegezwe kila wiki, maana shingo inakua.

MWEZI WA PILI NA WA TATU HAIRUDI

Wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John L. Fuller, waliwachunguza watoto wa mbwa kwa miaka mingi katika mji wa Bar Harbor, wakatoa kitabu chao mwaka 1965. Waliona ya kuwa kuna muda mfupi, tangu wiki ya tatu mpaka wiki ya kumi na mbili hivi, ambamo mtoto wa mbwa hujifunza ni nani wa kumwamini na ni kitu gani cha kuogopa. Muda huo ukipita, kumzoeza huwa kazi ngumu sana.

Maana yake kwako mkulima ni hii. Katika wiki chache za kwanza mwonyeshe ng'ombe, ukiwa umembeba ili asikanyagwe. Mwonyeshe kuku na mbuzi, naye asiachwe kuwakimbiza. Na asikie pikipiki, ndoo za maziwa na mvua juu ya mabati. Na aguswe na wazee, wanawake, vijana na watoto. Mfungue mdomo, mshike miguu na masikio kila siku, ili daktari wa mifugo akija asiume. Lakini mpaka chanjo zake zimalizike, usimpeleke sokoni wala mahali mbwa wengi wapitapo. Wageni na waje kwako.

Watoto wa nyumbani nao wafundishwe. Mbwa anayekula asiguswe. Anayelala asiamshwe kwa kuvutwa mkia. Mbwa mdogo hulala muda wa saa 18 au zaidi kati ya 24, na asipoachwa alale huwa na hasira kama mtoto mchanga aliyekosa usingizi.

ISHARA ZA KUTOOGOPA

Wafugaji wapya hushtuka kwa mambo mengi yasiyo na neno. Akilala akatetemesha miguu na kubweka kwa sauti ndogo, anaota ndoto. Mwite jina lake: akiamka na kukutazama, hana kifafa. Akipata kwikwi baada ya kula, itapita. Akitafuna kila kitu, meno yanaota. Siku ya kwanza akila kidogo tu kuliko kawaida, huenda ni huzuni ya kuhama. Akilia usiku lakini asubuhi akala, akanywa, akacheza na kukimbia, huyo ni mzima.

ISHARA ZA KUKIMBILIA DAKTARI

Sasa tazama upande wa pili. Mwite daktari wa mifugo siku ile ile, usingoje kesho, ukiona moja ya haya:

Amekataa chakula kutwa nzima, naye amejikunja pembeni asitake kucheza.

Anatapika tena na tena, au anaharisha, hasa kinyesi kikiwa na damu na harufu mbaya sana.

Ufizi wake umekuwa mweupe badala ya mwekundu hafifu.

Ukimfinya ngozi ya mgongo na kuiachilia, hairudi upesi. Hiyo yaonyesha maji yamemwishia mwilini.

Macho na pua vinatoa usaha, anakohoa, au viungo vinamshtukashtuka akiwa macho.

Ugonjwa uuao watoto wengi wa mbwa kwa ghafla huitwa parvo. Babu zetu hawakuujua, kwa maana wataalamu waliutambua kwa mara ya kwanza mwaka 1978, nao ukaenea dunia nzima kwa muda mfupi. Mtoto wa mbwa hunyamaza, hukataa chakula, hutapika, huhara damu, na huweza kufa katika siku mbili au tatu. Yule tuliyemtaja mwanzo, aliyenyamaza siku ya tatu, huenda ndio uliomwua. Dawa ya kuua virusi hivyo ndani ya mwili si jambo la kutegemea. Anachofanya daktari ni kumrudishia maji na nguvu mpaka mwili ujipiganie, na ndiyo sababu kila saa ina thamani.

Tena virusi vya parvo hukaa katika udongo kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Ikiwa mbwa mdogo alikufa kwako kwa kuhara damu, usilete mwingine kabla hajamaliza chanjo zake. Choma matandiko, na sakafu ya saruji na vyombo vioshwe kwa sabuni, kisha kwa dawa ya klorini ya kung'arisha nguo: kipimo kimoja katika maji vipimo 30.

Ugonjwa mwingine ni ule wa macho na pua kutoa usaha, ambao baadaye hushika ubongo na kuleta mishtuko. Wataalamu huuita distempa. Huu na parvo huzuiwa kwa chanjo moja yenye mchanganyiko. Huanza mtoto akiwa na wiki sita hadi nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka atimize wiki 16. Sindano moja haitoshi, kwa kuwa kinga aliyonyonya kwa mama yake huweza kuizuia isifanye kazi.

MINYOO NA CHAKULA

Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa na minyoo, maana hupita tumboni mwa mama na katika maziwa yake. Tumbo kubwa lililovimba kama ngoma si dalili ya shibe. Apewe dawa ya minyoo akiwa na wiki mbili, nne, sita na nane, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Ukimchukua, muulize mwenye mbwa kama dawa hiyo ilitolewa. Mayai ya minyoo hiyo huweza kuingia hata katika mwili wa mtoto wako na kudhuru macho yake. Basi zika kinyesi cha mbwa kila siku, mbali na bustani ya sukumawiki, na watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Kwa wiki ya kwanza mpe chakula kile kile alichozoea, halafu ubadilishe kidogo kidogo. Wengi wetu, kwa huruma, humpa bakuli la maziwa ya ng'ombe. Kidogo si neno, lakini mengi humharisha. Ugali mtupu nao haujengi mwili: changanya na omena, mayai yaliyopikwa, au nyama ya matumbo iliyopikwa vizuri. Mpe mara nne kwa siku akiwa na wiki nane, mara tatu baada ya miezi mitatu, na mara mbili baada ya miezi sita. Maji safi yawepo daima. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, wala vitunguu, wala chokoleti.

Kupe na viroboto huondolewa kwa dawa ya mbwa. Usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe ukamwagia kwa kukadiria, wala sindano ya minyoo ya ng'ombe, wala vidonge vya watu vya kutuliza maumivu. Dawa imponyayo ng'ombe wa kilo mia tatu yaweza kumwua mbwa wa kilo tatu kabla ya jioni. Mtazame pia nyayo zake, maana funza huingia katika miguu ya mbwa kama iingiavyo katika miguu ya watu.

KICHAA CHA MBWA

Tumefika katika jambo kubwa kuliko yote, kwa maana hapa si uhai wa mbwa tu, ni uhai wa mtoto wako.

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya mwaka 1912, katika mbwa, na mpaka leo hakijatoka. Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani. Karibu wote waliumwa na mbwa, na wengi ni watoto. Mwaka 2014 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Mpango huo wategemea jambo moja: mbwa wasiopungua 70 katika kila mia wachanjwe. Wako ni mmoja wa hao.

Wakulima wengi hudhani ya kuwa mtoto wa mbwa hawezi kuwa na kichaa. Hilo ni kosa ambalo limeua watu. Mbwa mdogo akiumwa na mbwa mwenye kichaa hupata ugonjwa kama mkubwa, na kwa kuwa watoto hucheza naye mikononi, hatari yake huzidi. Achanjwe atimizapo miezi mitatu, kisha arudiwe baada ya mwaka mmoja na kuendelea kama daktari atakavyosema. Ikiwa watu wa chanjo wamefika mtaani kwako kabla hajatimiza miezi mitatu, usimfiche: mpeleke achanjwe, na arudiwe baadaye. Huduma za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti tangu mwaka 2013, basi uliza ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe siku za chanjo. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, yule Mfaransa aliyemwokoa mtoto aliyeumwa na mbwa kwa chanjo yake mwaka 1885.

Zijue dalili. Mbwa aliyekuwa mpole huwa mkali, au aliyekuwa mkali huwa mpole kupita kiasi. Sauti yake hubadilika. Hutoa mate, hupepesuka, huuma vijiti na mawe. Mwingine hana ukali hata kidogo. Taya lake limelegea tu, kama aliyekwama mfupa kooni. Usitie mkono mdomoni mwake kuutafuta mfupa huo. Na ng'ombe vivyo hivyo, akitoa mate kama aliyekwamwa na kiazi, mwite daktari kwanza.

MTU AKIUMWA

Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, hata kidogo, hata na mbwa mdogo, fanya hivi bila kukawia. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 nzima. Usipake mafuta, wala pilipili, wala majani, wala tumbaku. Usikishone. Kisha nenda hospitali siku ile ile, na ueleze ni mbwa gani na kama amechanjwa. Chanjo ya mtu hutolewa mara kadhaa kwa siku zilizopangwa, basi usikatize hata kama kidonda kimepona.

Mbwa huyo, kama ni mzima na anajulikana, asiuawe haraka. Afungwe mahali salama na kutazamwa siku kumi, na daktari wa mifugo aambiwe. Dalili za kichaa katika mtu huonekana mara nyingi baada ya mwezi mmoja mpaka mitatu, na zikionekana, karibu hapana apataye kupona. Lakini kabla hazijaonekana, sabuni, maji na chanjo huokoa. Kumbuka pia ya kuwa gharama ya kumtibu mtu mmoja aliyeumwa ni kubwa mara nyingi kuliko sindano ya mbwa wako.

MANENO YA MWISHO

Ndugu Mkulima, sehemu kubwa ya kazi ya kumtunza mtoto wa mbwa yako katika wiki mbili za mwanzo, na haihitaji fedha nyingi. Yahitaji nguo yenye harufu ya mama, sanduku kavu, mtu wa kulala karibu, chakula alichokizoea, na macho ya kutazama kila asubuhi. Ukiamka, usiulize tu kama alilia. Uliza: Amekula? Amekunywa? Amecheza? Kinyesi chake ni kigumu? Ufizi wake ni mwekundu hafifu? Ukijibu ndiyo mara tano, acha alie. Atazoea, kama watu wa Borabu walivyozoea.

Na ukijibu hapana hata mara moja, usifurahie kimya chake. Chukua kikapu kile kile ulichomletea kutoka Kiogoro, umtie humo, umpeleke kwa daktari wa mifugo kabla jua halijawa kali.